Mama Pindo, fundi bodi aliyechoka kuulizwa rangi

Asubuhi bado mbichi, na Mama Pindo tayari amenuna. Amelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, kichwa kiko chini ya gari dogo la bluu na miguu iko nje. Huko chini brashi ya waya inakwaruza bati. Kila baada ya muda brashi inanyamaza, naye anasonya.

"Ona hapa," anasema, bila kujali kama anayeambiwa anaweza kuona au la. "Bati juu ya bati, katikati hakuna kitu. Wamechomelea, wamepaka rangi ikang'aa, wamechukua chao wakaondoka. Maji nayo yameingia humu katikati, yamepanga chumba."

Anajiburuta kutoka chini ya gari na kujifuta unga wa kutu kwenye nyusi. Kisha anamtazama mwandishi wa makala haya toka viatuni hadi kichwani, kama aliyeletewa mgonjwa mwingine. Hasemi karibu. Anauliza gari lililomleta mgeni liko wapi.

Liko nje ya lango, jeupe, limeoshwa jana kwa ajili ya safari hii. Mama Pindo anatoa sumaku ndogo mfukoni mwa ovaroli na kuipitisha juu ya bodi. Inanata kwenye boneti. Inanata kwenye madigadi. Ikifika chini ya mlango wa dereva, inateleza na kudondoka mchangani.

"Hapa huna bati," anasema. "Hapa unaendesha puti."

Puti ni lipu ya kujazia bati lililooza, na hayo ni maneno ya kumkata mtu maini, hasa aliyekuwa akiliringia gari lake tangu alinunue. Lakini ukikaa na mama huyu nusu siku utagundua kwamba hana chuki na mtu. Amechoka tu, na ana sababu.

Umri wake umevuka hamsini. Ni mjane, ni fundi bodi, na jina la Mama Pindo alibandikwa na mafundi wenzake kwa kejeli, likamganda. Kazi yake kubwa ni ile ambayo mteja haioni na wala hataki kusikia habari zake: kuzuia kutu mahali ambapo kipande kimoja cha bodi kimeungana na kingine.

"Gari haliozi katikati ya bati," anaeleza, akirudi zake bandani huku mgeni akimfuata. "Katikati ya bati unapaona, unapafuta, unapapaka. Linaozea kwenye maungio. Mabati mawili yakilaliana, pale katikati hata ukucha hauingii, lakini maji yanaingia. Yakishaingia hayana haraka ya kutoka. Yanakula taratibu kwa ndani, wewe huku nje unapiga picha na gari lako."

Hayo aliyajua kabla hajashika nyundo. Mama Pindo alikuwa fundi cherehani. Fundi bodi alikuwa marehemu mume wake, na banda hili la mabati lilikuwa la mume na mdogo wake. Yeye aliletwa hapa kushona viti vya magari vilivyochanika. Alikaa kwenye kona ile ambayo sasa ina rundo la milango mibovu, akishona na kutazama.

"Nikaona mlango wa gari una pindo," anasema. "Bati la nje linakunjwa chini kulibana la ndani, vilevile kama pindo la sketi. Nikamuuliza mume wangu, humu ndani ya hili pindo umeweka nini? Maana nguo huanza kuoza kwenye pindo, uchafu na majimaji vinajificha mle. Akacheka mpaka akaweka nyundo chini. Akasema pindo la gari halifuliwi, mke wangu, shona viti. Baadaye kidogo ukaja mlango mkuukuu, nikamwambia haya, kunjua. Akakunjua. Mle ndani hamkuwa na bati. Mlikuwa na kutu tupu, kama majani ya chai."

Mume hakucheka tena. Tangu hapo alianza kumwita aje aangalie kila pindo kabla halijakunjwa, na kutoka kuangalia akahamia kukunja, na kutoka kukunja akahamia kuchomelea. Mume alipofariki, wateja walidhani banda limekufa naye. Wengine mpaka leo wakimkuta peke yake huuliza fundi ameenda wapi.

Utaratibu wake haubadiliki, hata mteja akasirike vipi. Kabla ya kuchomelea mabati mawili, anayakwangua mpaka yang'ae, kisha anapaka rangi yenye zinki kwenye zile nyuso zitakazolaliana, kwa sababu yakishaungana hapafikiki tena. Akimaliza kuchomelea anakamulia gundi kwenye ukingo na kuilainisha kwa kidole kilicholowa. Mwisho anaingiza mrija kwenye matundu ya chini ya bodi na kupuliza nta laini mle ndani gizani, mahali ambapo hakuna macho ya mtu yatakayofika.

Pakiwa na alumini juu ya chuma, ukali wake unaongezeka. Hapo anaweka raba katikati, na kila bolti anaivalisha kipande cha mrija wa plastiki isiguse pande zote mbili.

"Hivi viwili vikigusana huku vimelowa, alumini inaliwa," anasema. "Inatoa unga mweupe kama chumvi, inabaki matundu. Ni kama mawifi. Huyu mzuri, na yule mzuri, lakini mpe kila mmoja chumba chake." Anatazama huku na huku, kisha anapunguza sauti. "Hilo la mawifi usiliandike. Wifi yangu anasoma magazeti."

Tatizo ni kwamba hakuna anayeuliza juu ya raba, wala zinki, wala nta. Mama Pindo anaigiza mteja wake wa kawaida, mikono kiunoni, akizunguka gari.

"Rangi itafanana? Itang'aa? Itakauka lini? Namwambia baba, subiri kwanza tutazame ndani. Ananiangalia kama nimeomba kupekua chumba chake cha kulala."

Wengi hawasubiri. Wanasukuma magari yao hadi kwa jirani, ambako kazi inalipuliwa, puti inashindiliwa na rangi inamwagwa, na mtu anaondoka na gari linalomwonesha sura yake. Mwezi mzuri banda la Mama Pindo huingiza magari matano. Mwezi mbaya huingia moja, tena la ndugu.

Upande wa pili wa banda yuko mwanamume mrefu mwenye madoa ya rangi nyeupe kwenye nywele. Anakunja mpira wa kompresa, mzunguko baada ya mzunguko, na kuufunga kwa kamba. Huyu ni mdogo wa marehemu, fundi wa rangi, mwenye nusu ya banda na mwenye kompresa yote. Mama Pindo anamwita shemeji. Yeye naye anamwita Mama Pindo shemeji. Mgeni inabidi atazame macho yao ajue ni nani anayegombezwa, ingawa mara nyingi ni huyu mrefu.

Mpira ule haufungwi bure. Kuna mwenye kiwanda kidogo cha mikate, wanamwita Baba Mikate, mwenye magari kadhaa ya kusambaza mikate madukani, na yote yanaoza. Kabla ya mvua zilizopita aliwaletea moja la majaribio. Maneno yake yalikuwa mafupi: likimaliza mvua bila kutu, atawaletea yote, likiwa na kutu, wasijuane.

Shemeji naye alitoa maneno yake. Amechoka kungoja gari moja kwa mwezi. Kazi ya mikate isipokuja, nusu yake ya banda anamuuzia jirani mwingine anayetafuta mahali pa kuoshea magari, na kompresa anaondoka nayo. Bila kompresa hakuna rangi, na bila nusu ya banda hakuna hata mahali pa kulalia na boksi.

"Nitarudi kwenye cherehani," anasema Mama Pindo, akijikuna mkono uliobabuka kwa cheche. "Nitashona sare za shule mpaka macho yaishe. Sio kazi mbaya. Nilikula kwayo. Ila siyo yangu tena, na nikifikiria nasikia uchungu."

Gari la mikate linarudi kukaguliwa leo. Ndiyo maana mama huyu amenuna tangu asubuhi.

"Mimi sibishani na shemeji," anasema shemeji, akiketi juu ya mpira wake uliofungwa. "Zamani nilikuwa mbishi. Nimeokoka."

Wokovu wake ulimpata kwa wakwe. Alikuwa amelitengeneza gari la baba mkwe peke yake, kimyakimya, ili ajipatie sifa. Hakugusa maungio. Alipaka rangi ambayo, kwa maelezo yake mwenyewe, mtu angeweza kujinyolea mbele yake. Baada ya mvua chache kukawa na mkusanyiko wa familia. Baba mkwe alijiegemeza kwenye gari akizungumza na wageni, kidole kikagusa chini ya mlango, na kidole kikazama.

"Mkwe hakusema neno," anasimulia shemeji. "Alikichomoa kidole, akakitazama, akanitazama mimi. Bora angenitukana."

"Alirudi hapa mtu mwingine kabisa," anadakia Mama Pindo. "Mtu niliyembembeleza miaka yote azibe maungio, sasa gundi ananunua kwa katoni. Akiona ufa anaziba. Akiona kivuli cha ufa anaziba. Nikasema Mungu mkubwa, hatimaye nimepata mwenzangu."

Anayasema hayo bila kujua yatakavyomrudia kabla chai haijapoa.

Gari la mikate linaingia likipiga honi. Baba Mikate ni mtu mfupi mwenye unga kwenye mikunjo ya shati na simu iliyoganda mkononi. Anashuka akiacha mlango wazi, anapokea simu, anamkaripia mtu wa huko kuhusu hamira, anakata, kisha anazunguka gari lake akitazama bodi.

"Rangi imeshika vizuri," anasema.

Mama Pindo anafumba macho. Anayafumbua. Anampa tochi na kioo kidogo cha mkononi, kile cha kujipodolea, na kumwonesha pa kutazama. Tajiri hapendi kupiga magoti, lakini anapiga. Maungio ya sakafu ni safi. Kingo zilizochomelewa zimekaa kama siku gari lilipotoka hapa. Kule nyuma kwenye kikanyagio cha alumini, Mama Pindo anafungua bolti moja na kuinua raba. Hakuna unga mweupe, hakuna kutu, hakuna hata doa.

"Mh," anasema Baba Mikate, na kwa mtu kama yeye hiyo ni hotuba.

Shemeji ameanza kutabasamu. Mkono wake umeshafika kwenye fundo la kamba ya mpira. Mama Pindo hatabasamu, lakini mabega yameshuka kidogo, na anamwambia tajiri apande alipeleke ndani kivulini wakamalizie chai. Baba Mikate anapanda na kuvuta mlango.

Chubwi.

Anaufungua mlango. Anaufunga tena, safari hii taratibu. Chubwi, na nyuma yake kijisauti kirefu cha kitu kinachotikisika na kutulia, kama dumu lililojaa nusu.

"Mama," anasema Baba Mikate kupitia dirishani. "Gari langu limebeba maji?"

Mama Pindo anapiga magoti na kupitisha kidole chini ya ukingo wa mlango, anakipeleka mbele, anakirudisha. Kila mlango wa gari una matundu madogo chini kabisa, na yapo kwa makusudi. Maji ya mvua lazima yapenye pembeni mwa kioo, hakuna raba inayoyazuia yote, kwa hiyo yanaachiwa pa kutokea. Kidole cha Mama Pindo kinatafuta matundu hayo. Kinakuta gundi. Nzuri, nyororo, iliyolainishwa kwa kidole kilicholowa.

Anageuka polepole. Shemeji anatazama paa la banda kana kwamba ndilo linalovuja.

"Shemeji."

"Naam, shemeji."

"Matundu ya milango kayaziba nani?"

"Niliona umeyasahau," anasema shemeji. "Ulikuwa umechoka siku hizo. Nikasema nisikusumbue, nimalizie mwenyewe."

Mama Pindo hagombi. Mgeni alitegemea agombe, na shemeji bila shaka alikuwa ameshajikunyata tayari. Mama anakaa tu chini, pale pale mchangani, miguu imenyooka mbele, na kushika kichwa.

"Miaka yote namlilia mtu huyu azibe," anasema, sijui akimwambia nani. "Haya, kajua kuziba. Kaziba mpaka pua."

"Sikujua yana kazi," anasema shemeji. "Nilidhani kiwanda kilipungukiwa gundi."

Kwa waliokuwa pale, kilichofuata hakikuwa cha kuchekesha. Baba Mikate ameshuka na kusimama karibu mno na mlango, mikono kifuani. Mvua zote zilizopita ziko humo ndani ya milango yake minne, na maneno yake kila mmoja anayakumbuka. Mama Pindo anainuka, anachukua bisibisi na kuanza na mlango wa dereva. Gundi inatoka kama kizibo. Maji yanaruka na kutua moja kwa moja kwenye kiatu cha kulia cha tajiri.

Yana rangi ya vumbi la barabarani, na yananuka unga uliochacha. Mama Pindo anayakinga kwenye kopo na kuyaangalia dhidi ya mwanga.

"Si mekundu," anasema. "Hayana kutu."

Anakwenda mlango wa pili. Si mekundu. Anakwenda nyuma, mlango wa kulia. Kijivu, kama maji ya kuoshea vyombo. Siku nzima watu walikuwa wakizungumzia rangi, na hii ndiyo ilikuwa rangi ya kwanza yenye maana. Hata Baba Mikate alikuwa amesahau kiatu chake, ameinama anachungulia kopo.

Mlango wa mwisho, wa nyuma kushoto, ulitoa maji mekundu kama chai ya rangi.

Mama Pindo alilala chini na kuingiza tochi. Alipoutingisha ukingo kwa kucha, pindo lilimeguka, vipande vikamdondokea kifuani. Aliokota kimoja, akakisaga kwa vidole kikawa unga.

"Huu sikuukunja mimi," alisema hatimaye.

"Huo ni wangu," alisema shemeji. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ulikuwa umekwenda msibani. Niliukunja mkavu. Sikuweka kitu ndani. Nikaziba kwa nje, nikasema itatosha."

"Kwa nini? Baada ya yote yale ya mkweo, kwa nini?"

Shemeji alimtazama Baba Mikate, kisha akatazama chini.

"Simu," alisema.

"Simu gani?" aliuliza Baba Mikate.

"Zako, tajiri. Ulitaka gari kabla ya Jumamosi. Ulianza kupiga asubuhi, nikawa napaka mkono huu, nimeshika simu mkono huu. Mara ya mwisho ulisema gari likiwa limeiva au bichi unakuja kulivuta."

Baba Mikate alifungua mdomo. Simu yake iliita. Aliitazama, na, labda kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaiacha iite mpaka ikakata.

"Nikuulize kitu," alisema Mama Pindo, akiinuka na kujikung'uta. Uchovu wote wa asubuhi ulikuwa umerudi kwenye sauti yake, na hakujaribu kuuficha. "Wewe mteja akikupigia simu, mkate unautoa kwenye tanuri haujaiva?"

"Siutoi."

"Akipiga tena?"

"Hata akilia."

"Basi."

Alichukua kioo chake kidogo na kumrudisha tajiri kwenye mlango wa dereva. Alifungua kifuniko cha ndani na kumshikia tochi. Pale chini, kwenye pindo lililokaa ndani ya maji mvua zote, rangi ya zinki ilikuwa ya kijivu, nzima, na gundi ilikuwa imeng'ang'ania kila kona. Kisha akampeleka kwenye ule mlango wa nyuma kushoto, akammulikia majani ya chai. Baba Mikate alitazama huku, akarudi kutazama kule, kiatu kikilia maji kila hatua.

Mwandishi wa makala haya anakiri kwamba roho ilikuwa juu. Shemeji alikuwa amesimama karibu na mpira wake kama abiria karibu na mzigo.

"Huu mmoja utachukua muda gani?" aliuliza Baba Mikate.

"Mpaka uishe."

"Mpaka uishe lini?"

Mama Pindo alimtazama tu.

"Sawa," alisema tajiri. Alivua kiatu na kukimwaga. "Nasikia hasira, nisikudanganye. Nimekuja kuona kutu nimeiona. Lakini nimeona pia milango mitatu iliyolala majini ikatoka mizima, na hilo sijawahi kuliona kwa fundi yeyote, na nimezunguka kwa wengi. Yote kwa mkupuo sileti. La pili nitaleta Jumatatu. Likitoka salama, linafuata la tatu. Na milango ukunje wewe."

"Na simu?"

"Sitapiga." Alifikiri kidogo. "Nitajitahidi."

Hivyo ndivyo banda lilivyopona, bila makofi. Mama Pindo aliegemea gari la bluu na kupumua kwa nguvu, kisha akamgeukia shemeji aliyekuwa bado ameduwaa.

"Fungua huo mpira. Unasubiri nini?"

Shemeji aliinama haraka kufungua fundo.

"Ngoja," alisema Mama Pindo. "Tangu uokoke, magari mangapi umeyaziba matundu?"

Shemeji aliacha fundo na kuanza kuhesabu vidole. Alimaliza mkono mmoja, akahamia wa pili, akasita.

"Na la baba mkwe," alisema. "Nililirudia. Nililiziba vizuri sana lile."

"Yote yarudi hapa. Uwapigie mwenyewe. Uanze na mkweo."

Uso wa mwanamume yule ulionesha kwamba angependa zaidi kuuza nusu ya banda.

Mama Pindo ana mipango. Magari ya mikate yakija kwa mfululizo, anataka kuchimba shimo la kufanyia kazi chini ya gari, apumzishe mgongo na boksi. Anataka pia kibao kipya langoni. Cha sasa, alichokiandika shemeji kwa herufi za kupendeza, kinasema "Kunyoosha, Puti, Rangi". Yeye anataka kiseme "Tunaanza ndani". Shemeji anasema hayo si matangazo ya gereji, ni ya hospitali, na mjadala huo haujaisha.

"Lakini tamaa yangu hasa ni ndogo," anasema mama, akinywa chai iliyokwishapoa. "Nataka siku moja, moja tu, gari liingie pale langoni, na kabla mtu hajauliza rangi, aulize ndani kukoje. Siku hiyo hata nikistaafu nitastaafu nimeridhika."

Kabla hajaweka kikombe chini, gari jekundu linaingia langoni. Dereva anatoa kichwa dirishani.

"Mama habari. Rangi kama hii mnaipata? Nikiliacha leo, kesho itakuwa imekauka?"

Mama Pindo anafumba macho. Kabla hajayafumbua, sauti inatoka pembeni, kwa mtu aliyeketi juu ya tairi akikamua soksi.

"Rangi baadaye," anasema Baba Mikate. "Shuka kwanza. Funga mlango taratibu, tusikie."

Mteja anashangaa, lakini anashuka na kufunga. Wote wanatega sikio. Baba Mikate anasogea, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, anainama na kupitisha kidole chini ya ukingo wa mlango, anakipeleka mbele, anakirudisha, kama alivyoona inafanywa.

"Huyu ana gundi humu," anatangaza. "Na pindo lake mimi siliamini. Ndani kukoje, fundi?"

Mama Pindo anamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi anakaribia kabisa kucheka. Halafu macho yake yanamwangukia shemeji, anayekunjua mpira huku kachomeka bomba jipya la gundi mfukoni, na uso unajikunja tena.

"Mwingine huyo kaokoka," anamnong'oneza mwandishi, akimwonesha Baba Mikate kwa kidevu. "Mungu anisaidie tu asije akashika gundi."